Siku Mama Alipoitikia Jina Lako

Wafula mdogo wangu,

Nimekaa juu ya mifuko ya simiti hapa mtaani Kapsoya, Eldoret, mvua imetusimamisha kazi. Kiptoo, fundi wetu, amesema hakuna kumwaga zege mpaka mawingu yaondoke. Wenzangu wamelala chini ya mabati, na mimi nimeomba kalamu kwa mwenye duka. Unajua mimi na kalamu hatupatani. Niliachia darasa la saba na tangu hapo mikono yangu imezoea karai na mawe. Ukikuta neno limekaa vibaya, nivumilie kama ulivyokuwa ukinivumilia nikikuuliza meli ya chuma inaeleaje.

Barua hii sijui niipeleke posta gani. Nimeamua kuiacha wazi aisome anayetaka, kwa sababu najua kuna akina mama wengine ambao hawazimi simu zao, wanangoja mtu ambaye hatapiga. Labda itawafaa. Lakini nakuandikia wewe.

Nianze na siku uliyokuja hapa Eldoret ukiwa bado kadeti. Tulikuwa tunajenga ghorofa kwenye mtaa unaoitwa West Indies. Nilikuwa juu, nimebeba karai la kokoto begani, nikasikia wenzangu wamenyamaza. Wanaume wa mjengo hawanyamazi hivi hivi. Kuangalia chini, ni wewe, umevaa nguo nyeupe kutoka kofia mpaka viatu, umesimama katikati ya matope kama mtu aliyeshushwa kutoka mbinguni akakosea mahali pa kutua.

"Simiyu!" Kiptoo akaniita. "Shuka haraka! Malaika wako amekuja kukuchukua."

"Mwambie angoje," nikajibu, "nimalize hii karai kwanza. Siwezi kwenda mbinguni na deni yako."

Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Kisha ukavua koti, ukakunja suruali, ukaingia kuchanganya zege na sisi, na Kiptoo akikufuata nyuma akilia, "Afande, afande, hiyo nguo mama yako ataifua na nini?" Jioni ile Nekesa mke wangu aliiloweka ile suruali mara nyingi, na doa la simiti gotini halikutoka. Ulisema ni sawa, chuoni utawaambia ni medali.

Ulikaa kwetu siku chache. Asubuhi moja ulinisindikiza kazini ukamkuta Kiptoo akiita majina. Unakumbuka? Anaita hivyo hadi leo, amesimama juu ya jiwe, anatuangalia kama ng'ombe wake wa kule kwao Sugoi.

"Barasa!"

"Yuko!" mtu akajibu kutoka nyuma.

"Hiyo si sauti ya Barasa. Barasa yuko wapi?"

"Yuko kwa choo, fundi."

"Jana alikuwa kwa choo, leo yuko kwa choo. Kwani huyu Barasa choo yake iko Uganda?"

Sisi tulicheka, lakini wewe ulitulia, ukaniambia jambo ambalo sikulitilia maanani siku hiyo. Ulisema hata nyinyi chuoni mnaitana majina kila asubuhi kabla ya gwaride. Mtu akiwa hayupo kwa sababu ya kazi, labda yuko zamu au yuko baharini, mwenzake wa darasa anaitikia kwa niaba yake: "Yuko." Hamruhusu jina lipite hewani bila kujibiwa. "Ni kama kwenu, kaka," uliniambia. "Tofauti ni kwamba sisi hatumfichi Barasa."

Nilikuangalia nikashangaa. Mtoto aliyeogopa maji! Nyumbani, kabla hatujafika mto Nzoia, ukisikia tu ule mlio wake ulikuwa unashika shati langu. Mama alikuwa anakuogesha kwa beseni na bado unalia kama unachinjwa. Siku uliyokuja kusema umechaguliwa kwenda chuo cha maafisa wa jeshi la majini, baba mdogo alidhani amesikia vibaya. "Majini?" akauliza. "Wewe?" Ukamjibu kwamba wanafundisha kuogelea. Mama akasema kama wanafundisha basi wamejitafutia kazi ngumu.

Ulifundishika. Mwaka wa mwisho ulinipigia simu ukaniambia sasa wewe ndiye unayewafundisha wapya wanaoogopa, kwa sababu unajua hofu inaanzia wapi. Ulisema inaanzia gotini. Sijui umelitoa wapi neno hilo, lakini mimi hata nikipanda juu ya mbao za ghorofa na upepo unavuma, nasikia magoti yanaanza, nakukumbuka.

Sasa nisizunguke. Wanajeshi wawili walikuja nyumbani na mzee wa mtaa, wakatuambia. Boti ya abiria ilipinduka kwenye mawimbi makubwa, nyinyi mkatumwa. Uliingia majini ukatoa watu. Ukarudi ukatoa wengine. Ukarudi tena kwa sababu kulikuwa na mama anaita mtoto wake, na mtoto alipatikana, akasukumwa kwenye boti na mikono yako, halafu mikono ikaenda. Wapiga mbizi walitafuta mpaka wakachoka. Hukupatikana.

Tungekuwa na mwili, Wafula, tungelia tukamaliza. Lakini Mama alisikia neno moja tu katika maneno yote yale: hakupatikana. Akasema mtu ambaye hakupatikana anaweza kupatikana. Tangu siku hiyo ile simu yake ndogo ya kubonyeza hakuizima. Stima ikipotea anatembea hadi sokoni kuilipia chaji. Akienda kuoga anampa jirani aishike.

Ukoo ulikaa. Unajua desturi yetu mtu akipotelea majini. Wazee walisema likatwe shina la mgomba, livishwe shuka, lilazwe kwenye sanduku, lizikwe kando ya baba, watu walie, jina lako lipumzike. Baba mdogo alikuja na panga mkononi, amelivika gazeti kwa heshima. Mama alisimama mlangoni mwa shamba la ndizi, akaeneza mikono.

"Hapa hakuna mgomba unaoitwa Wafula," alisema. "Ukikata mmoja, na mimi nikate wako."

Baba mdogo hakukasirika. Alikaa chini kwenye nyasi, akalia mbele ya watu, mzee mzima. Lakini wazee wengine hawakuchoka. Kila Jumapili baada ya kanisa walikuja na maneno yale yale, mpaka Mama akafunga mzigo wake, akapanda gari akaja kwangu Kapsoya. "Nimekuja kuona mjukuu," alisema. Wote tulijua amekimbia mgomba.

Na huyo mjukuu ndiye alituletea mengine. Nekesa alijifungua baada ya wewe kupotea. Mtoto wa kiume, mweusi, paji la uso kama lako, na kilio kilichofanya majirani watugongee ukuta. Kliniki walisema mtoto ni mzima. Kanisani tulimwandikisha Danieli. Lakini jina la nyumbani hakuwa nalo. Wewe unajua mtoto wetu akilia hivyo watu wanasemaje: anatafuta jina lake. Mama alimtajia majina ya wazee wetu wote, moja moja, akimbembeleza. Babu. Baba. Wajomba. Mtoto analia tu. Kulikuwa na jina moja ambalo Mama hakulitaja, na sote wawili, mimi na Nekesa, tulikuwa tunaangalia sakafu. Jina la mtu ambaye hajazikwa halipewi mtoto. Kulitaja kungekuwa ni kukuzika. Kwa hivyo tulimwita Mgeni, na Mgeni aliendelea kulia.

Nitakwambia ukweli, nilichoka. Mchana nabeba mawe, nikirudi, nyumba ni chumba kimoja na pazia, huku mtoto, huku Mama na simu yake. Nilitaka mgomba uzikwe hata kesho. Si kwamba nilikuwa nimeacha kukupenda. Nilitaka tu kuwe na mahali ambapo naweza kuja, nisimame, niseme, Wafula yuko hapa.

Ndipo Luteni Zawadi akaja. Mwenzako wa darasa, yule uliyesema anawashinda wote kusoma ramani. Alikuja na nguo za kawaida, amebeba mkate na sukari kama mkwe, akaketi kwenye kitanda chetu kwa sababu kiti ni kimoja na Mama alikuwa amekikalia. Alisema chuo chenu kina ukuta wa waliosoma pale wakafanya jambo la kukumbukwa, na wamekubaliana kuweka picha yako. Wangependa Mama aje aifunue.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. "Picha ni ya ukubwa gani?"

Luteni akapima na mikono. Ilikuwa kubwa.

"Hapana," Mama akasema. "Picha ya namna hiyo naijua. Inabebwa mbele ya jeneza. Umetumwa na baba yake mdogo?"

Yule binti hakuelewa, nikamweleza. Kwetu mtu hatengenezewi picha kubwa yenye fremu akiwa hai. Picha za harusi ni ndogo, za albamu. Kubwa ni ya matanga. Luteni aliweka kikombe chini, akafikiri, halafu akacheka kidogo, cheko la heshima.

"Mama, kwenye ukuta huo kuna watu wanakula ugali mpaka leo. Kuna mmoja ni mkubwa wangu, kila Jumatatu ananigombeza. Picha yake iko hapo, anapita chini yake akinigombeza."

"Wazima wamo?"

"Wazima wengi kuliko waliotangulia."

Mama alimwangalia mtoto mgongoni mwa Nekesa, akaangalia simu yake. Nilimwona akipiga hesabu yake mwenyewe kichwani. Kama ukuta ni wa wazima, basi akiweka picha yako pale amekuweka upande wao, na wazee wa mgomba hawatakuwa na la kusema.

"Nitakuja," alisema.

Tulikwenda, mimi na yeye, na Nekesa na mtoto. Pwani kuna joto, Wafula, hukuniambia ni joto namna ile. Luteni alitaka kumpeleka Mama kuona bahari. Mama akasema, "Sina haja ya kusalimiana nayo." Akatembea njia yote hadi chuoni uso ameugeuzia upande wa majumba.

Ule ukumbi wenu ni mrefu na sakafu yake inang'aa, niliogopa viatu vyangu. Luteni alitupitisha polepole na kutuambia nani ni nani. Mwanamke wa kwanza kuongoza meli kubwa ya jeshi, ameshika kofia kwapani kama mtu anayetaka kuondoka. Mzee aliyechora ramani ya mkondo wa kuingilia bandarini, ambayo meli zinaifuata hadi sasa. Mwingine aliacha jeshi akaenda kusomea udaktari wa watoto. Mwingine alipiga tarumbeta, hakufanya lingine, lakini Luteni alisema hakuna gwaride lililowahi kuharibika akiwa mbele. Hilo lilimfurahisha Mama. "Kumbe hata mpiga tarumbeta," alisema.

Yule mzee wa ramani alikuwepo mwenyewe. Amestaafu, mvi, fimbo, amekuja kwa sherehe. Alisimama chini ya picha yake, na Mama akawaangalia wawili hao kwa muda mrefu, mzee na kijana wa ukutani. Mzee akamwambia, "Mama, huyo wa juu ananicheka. Yeye magoti yake hayaumi." Watu walicheka. Mama hakucheka. Aliangalia mahali ambapo yako ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa.

Halafu mkuu wa chuo akasema, kabla ya kufunua, majina yote ya ukutani yataitwa, kama desturi ilivyo. Nikakumbuka maneno yako ya siku ile mjengoni. Sote tulisimama.

Waliita. Yule mwanamke wa meli alikuwa safarini, mwenzake akaitikia, "Yuko." Mzee wa ramani aliitwa, akajibu mwenyewe kwa sauti ya kijana, "Niko!" na kugonga fimbo. Mpiga tarumbeta alikufa zamani, mzee aliyesoma naye akamwitikia, "Yuko." Hapo ndipo nilipoelewa, na nadhani Mama alielewa wakati huo huo, kwamba wazima na waliokufa waliitikiwa neno lile lile. Hakuna ambaye angeweza kujua tofauti kwa kusikia.

Kisha wakaita jina lako.

Luteni Zawadi ndiye alipaswa kuitikia. Yeye alikuwa kwenye boti ile ile, Wafula. Hakutuambia Kapsoya, tuliambiwa hapo asubuhi. Yeye ndiye aliyempokea yule mtoto kutoka mikononi mwako. Alisimama wima, kidevu juu kama mlivyofundishwa, akafungua mdomo. Neno halikuja. Alijaribu tena. Machozi yakateremka usoni na bado kidevu kiko juu, na ukumbi wote unangoja, na jina lako limesimama hewani.

"Yuko," alisema mwishowe, lakini lilivunjika katikati.

Mama alitoka kwenye mstari. Nilidhani anaanguka nikanyoosha mkono, akausukuma. Alitembea na lesso yake kwenye sakafu ile inayong'aa hadi kwa yule binti, akamshika begani, akamsukuma chini taratibu mpaka akakaa kwenye kiti.

"Keti, mwanangu," alimwambia. "Umembeba vya kutosha."

Kisha akageuka kwa mkuu wa chuo. Mama yetu, ambaye nyumbani hajawahi kuongea kwenye mkutano.

"Mmeita Wafula. Mimi ndiye nilimpa hilo jina, alizaliwa mvua ikinyesha. Acheni nijibu mimi. Hayuko. Mwanangu hayuko. Alifanya kazi yenu vizuri, akaenda. Asiulizwe tena na mtoto wa watu."

Yule mzee wa ramani alivua kofia yake. Mkuu wa chuo akasema, "Ndiyo, Mama," kama anayepokea amri. Mama akavuta kitambaa. Ulikuwa na nguo nyeupe, na ulikuwa unazuia cheko, mdomo umekaza upande mmoja. Sikuona doa la simiti kwa sababu picha inaishia kifuani, lakini mimi najua liko.

Tukiwa nje alimwita Luteni kando, akamtaka ampeleke baharini. Sikuwafuata. Niliwaona kwa mbali tu, wamesimama, mfupi na mrefu. Aliporudi miguu yake ilikuwa na mchanga. Hakuniambia alichosema nami sikuuliza.

Nyumbani baba mdogo alitupokea bila panga. Mama ndiye aliyempa. Aliingia mwenyewe kwenye shamba la ndizi, akazunguka, akigusa huu na ule, akakataa wenye madoa, akakataa uliopinda. Alichagua mmoja ulionyooka. Tuliuvisha shuka nyeupe. Nilishika upande wa kichwa, na nikwambie, nimebeba vitu vizito maisha yangu yote, lakini ule mgomba, ambao ni maji matupu ndani, ulinishinda. Kiptoo alikuwa amekuja na wanaume wa mjengo kwa pikapu ya mawe. Barasa naye alikuwepo, kwa mara ya kwanza alifika kabla ya kuitwa. Ndio walionipokea mzigo.

Tulilia kama watu wenye mwili. Luteni alikuja, alipiga saluti mbele ya mgomba na hakuna aliyecheka. Udongo ulipoanza kuingia, Mama alitoa simu kifuani, akanipa.

"Shika. Hata ikiisha chaji sasa ni sawa."

Mvua imepungua, naona Kiptoo ameanza kuangalia juu. Nimalize.

Siku ile baada ya mazishi Mama alimchukua mtoto, akaketi naye mahali linapopiga jua la asubuhi, akamwita kwa jina lako. Singependa kuongeza chumvi. Mtoto alilia bado. Alilia jioni ile na kesho yake. Lakini wiki hii, hapa Kapsoya, Mama alimwita kutoka nyuma yake, na mtoto akaacha kijiko alichokuwa anatafuna, akageuza kichwa chote, akamtafuta kwa macho mpaka akampata. Mama aliita tena, mtoto akageuka tena. Mama alifanya hivyo hadi Nekesa akamwambia atamvunja mtoto shingo.

Mimi bado nabeba mawe. Bado nakukosa kazini, hasa tukichanganya zege na mtu akichafuka. Nikipata likizo nitakuja kukaa kando yako na baba, nikwambie mambo ambayo kalamu imeyashindwa. Na yule mtoto akikua nitampeleka mtoni. Nitamshika shati, kama wewe ulivyokuwa unashika langu, na kama ataogopa nitamwambia inaanzia gotini.

Basi lala, mdogo wangu. Nyumba yetu ina kelele sasa. Kutwa nzima utasikia jina lako likiitwa: Wafula njoo, Wafula acha, Wafula kula. Usihangaike. Usiitike. Kuna wa kuitika.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
wa mjengo.